AP au krediti mbili kwa kijana anayeingia darasa la 11?

Mama Neema
Habari za jioni wapendwa. Fomu ya kuchagua masomo ya mwaka ujao inatakiwa shuleni Ijumaa. Kijana wangu anaingia darasa la 11, na kaunsela amempa njia mbili: achukue AP nne, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari huku Marekani, au AP moja tu na mengine ayasome kwa krediti mbili, yaani masomo ya chuo cha jamii kilicho jirani yanayohesabiwa shuleni na chuoni. Baba yake anasema AP ndiyo yenye heshima. Mimi naangalia gharama na usingizi wa mtoto. Mliopitia, naombeni ushauri.

Mjomba Saidi
Dada, hujasema mpo jimbo gani, AP zipi hizo nne, anataka kusomea nini, na mnalenga chuo cha umma au binafsi. Bila hayo kila mtu atakujibu kwa habari za mtoto wake.

Wanjiru_MN
Na hesabu anafanyaje kwa sasa? Hilo pia utuambie.

Kibo77
AP bila kusita. Mtihani ni mmoja nchi nzima, unafanyika Mei, alama ni 1 hadi 5, na mtu wa udahili popote alipo anajua 5 ya Calculus ina uzito gani. Krediti mbili inategemea nani alifundisha na wapi. Binti yangu alianza chuo akiwa na krediti nyingi za AP, akamaliza mapema, na mkopo wake ukawa mdogo.

Mama Neema
Samahani, nilikuwa zamu. Tupo Texas, nje kidogo ya Houston. AP ni Calculus AB, Fizikia 1, Kemia na Historia ya Marekani. Anasema uhandisi, ila majuzi alisema udaktari. Hisabati ana A, insha za Kiingereza ndizo zinazomtesa. Pesa ya chuo binafsi hatuna.

Mjomba Saidi
Hapo sasa tunaweza kuongea. Texas sheria inavitaka vyuo vya umma vitoe krediti kwa AP kuanzia alama 3, isipokuwa chuo kionyeshe sababu ya kudai zaidi. Na masomo ya msingi ukiyapata chuo kimoja cha umma, kingine lazima kiyatambue. Lakini kutambuliwa ni jambo moja, kuhesabiwa kwenye shahada unayoisomea ni jingine. Fizikia 1 haina kalkulasi ndani yake, na uhandisi unadai fizikia yenye kalkulasi, ile inayoitwa Fizikia C. Ulizeni kama shule inayo. Mimi ningefanya hivi: Calculus na Kemia AP, Historia na Kiingereza krediti mbili, maana huko insha ataandika muhula mzima na kusahihishwa, badala ya kutegemea asubuhi moja ya Mei.

Zai wa Dallas
Naomba msikilize hili kabla hamjajaza fomu. Binti yangu alisoma kemia kwa krediti mbili. Katikati ya muhula mwalimu akaondoka. Aliyekuja akaanza upya na mada zake, alama za maabara za mwanzo hazikuonekana tena, tukapiga simu shuleni wakatuambia tuulize chuo, chuo wakasema tuulize shule. Akatoka na C. Sasa, AP ukifanya vibaya unaweza kukaa kimya, hulazimiki kupeleka alama chuoni. Hiyo C ni alama halisi ya chuo, haifutiki. Alipoomba uuguzi walitaka transkripti, yaani rekodi ya alama, ya kila chuo alichowahi kusoma, na C aliyoipata akiwa mtoto wa miaka 16 ikaingia kwenye hesabu ya GPA, yaani wastani wa alama, ya sayansi. Udaktari ni hivyo hivyo. Iliniuma na bado inaniuma.

Kibo77
Pole sana dada Zai. Ndiyo maana nasema AP.

Wanjiru_MN
Lakini Kibo, AP pia inalipiwa, karibu dola 100 kila mtihani, na ni nne. Huku Minnesota tuna PSEO, mpango wa jimbo ambao mwanafunzi wa sekondari anasoma masomo ya chuo bure pamoja na vitabu. Halafu mbona hakuna aliyetaja IB, ule mtaala wa kimataifa wa sekondari? IB ina Kiswahili. AP haina.

Mzee Tabora
Haina Kiswahili? Ina lugha gani?

Wanjiru_MN
Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kiitaliano, Kichina, Kijapani. Na Kilatini.

Mzee Tabora
Kilatini kipo, Kiswahili hakipo! Wazazi tungelisemea hili kwa pamoja. Na haya mambo ya kuokota somo hapa na pale siyaelewi. Sisi kule Tanzania tulisoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, masomo matatu miaka miwili, ukitoka Form Six umeiva.

Kibo77
Mzee, na aliyegundua Form Five kwamba PCM si yake alienda wapi? Huku mtoto ana nafasi ya kubadili.

Mzee Tabora
Alikaza, akafaulu.

Mjomba Saidi
Turudi kwa Mama Neema. Kijana mwenyewe anasemaje?

Mama Neema
Calculus na Kemia anazitaka. Historia hataki kabisa. Baba yake amesoma mjadala huu, na sasa anaulizia hiyo Fizikia C. Kesho nampigia kaunsela. Zai, uuguzi alipata?

Zai wa Dallas
Alipata chuo kingine, baada ya kurudia kemia. Muulize kaunsela anayefundisha krediti mbili ni nani, na akiondoka nani anabeba darasa.

Mzee Tabora
Hapo Houston shule gani ina IB ya Kiswahili? Nina mjukuu darasa la 9.