Taa ya eabegi haizimi na honi inakatika nikikata kona: nianzie wapi?

MtuWaSae: Wakuu, naombeni mwongozo. Gari ni Toyota Premio ya 2003. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga mtu kwenye ajali) haizimi, mashine ya kupimia gari inatoa msimbo wa kosa B0101, yaani saketi ya eabegi ya dereva imekatika. Nikifuta, inarudi baada ya kona mbili tatu, na honi hukatika nikikata usukani kulia. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimeshauriwa tutoe tu balbu ya dashibodi.

WayaWaNjano: Mkuu, balbu usiiguse! Taa hiyo ikibaki inawaka, siku ya ajali eabegi inaweza isifunguke. Dalili zako zinaelekea kwenye spairo kebo, ule utepe uliojiviringa kwenye kasha la plastiki chini ya usukani. Honi na eabegi zote hupita humo. Utepe ukipasuka, njia za shaba hugusana usukani ukiwa umenyooka, ukikata zinaachana.

Nyoosha magurudumu, zima swichi, toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 ili chaji iliyobaki kwenye kompyuta ya eabegi iishe. Legeza skrubu za pembeni mwa usukani (nyingi ni torksi T30, za tundu la umbo la nyota), chomoa eabegi, ilaze uso ukitazama juu. Usiipime kwa mita ya umeme hata kidogo. Mkondo wa mita unaweza kuifyatua.

Badala yake chomeka rezista (kikinza umeme) ya omu 2 kwenye soketi ya njano ilikotoka eabegi, ili kompyuta iione kama eabegi. Rudisha betri, washa swichi, futa msimbo, zungusha usukani mwisho hadi mwisho. B0101 ikirudi, eabegi haina kosa, ni spairo au waya. Betri ikiwa imetolewa tena, pima spairo waya mmoja mmoja, ncha hadi ncha, huku ukiizungusha taratibu. Angalia ndani ya soketi: kuna kijisahani cha chuma kinachounganisha njia mbili ikichomolewa. Kiinue kwa kipande cha plastiki, la sivyo mita itakudanganya.

Kitonga_Juu: Nyongeza kwenye kufunga, maana hapo ndipo spairo mpya nyingi hufia. Izungushe kinyume cha saa taratibu hadi igome, kisha irudishe kama mizunguko miwili na nusu, alama zilingane. Isipokaa katikati, kona ya kwanza ya kukata usukani hadi mwisho inaukata utepe. Piga alama usukani na shafti kabla ya kung'oa. Ya mtumba siishauri, hujui utepe umechoka kiasi gani.

MtuWaSae: Asanteni sana. Rezista naweza kuiacha humo?

WayaWaNjano: Hapana, ni ya kupimia tu. Ukiiacha, taa itazima na dereva ataamini ana eabegi wakati hana. Ikiwa msimbo ungekuwa wa mkanda wa kiti, kwa gari zenye soketi yake chini ya kiti ningekutuma huko kwanza: zulia likilowa kwa mvua za Tukuyu, soketi za njano huota kutu ya kijani.

Ukimaliza, washa swichi. Taa iwake kama sekunde 6, izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu alishaitoa balbu kabla yako.