MREJESHO: Zile kurasa mbili za katuni nilizouliza

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kabla ya masika niliuliza hapa: nimenunua kurasa mbili za katuni kwenye tamasha Bagamoyo, muuzaji anasema zimechorwa kwa mkono. Nitajuaje? Na nizitunzeje hapa Tanga, maana nakaa Raskazone na unyevu wa bahari hauna huruma?

Aliyeniambia nitumie lenzi ya kukuzia, Mungu akubariki. Ukurasa wa kwanza una wino uliokolea, rangi nyeupe ya kufutia makosa imetuna ukiipapasa, na pembeni kuna mistari ya penseli ya bluu, ile waliyoipenda wachoraji kwa sababu kamera ya uchapaji haikuinasa. Ni halisi! Nimeukodolea macho usiku kucha. Wa pili umejaa vidoti hata kwenye mistari: kopi ya mashine. Imeniuma, kwani nililipa bei ileile.

Ule halisi nimeuwekea karatasi isiyo na asidi kwa nyuma, kioo hakigusi mchoro, ukuta haupigwi na jua. Masika yamepita bila ukungu.

Nilipokosea ni ile selotepu ya zamani iliyokuwa imeganda kwenye ukurasa huo. Mmoja alishauri niipashe kwa draya ya nywele, mwingine akasema usiguse kabisa. Nikapasha. Ilibanduka, lakini kona ikachubuka na doa la gundi limebaki. Mnaokuja nyuma yangu, msiguse.

Asanteni sana, hasa dada wa lenzi. Safari ijayo naenda nayo mfukoni.