Tupeane uzoefu: kocha mkuu wa kikapu wa chuo anapotimuliwa Marekani, hasa nini hufanyika?

Ubao wa Kocha
Wakuu, kila ikifika Machi habari ni ileile: chuo fulani kimeachana na kocha wake. Sisi mashabiki tunahesabu vipigo, ila mkurugenzi wa michezo pale ofisini anahesabu kurasa za mkataba. Wanaoijua kazi hii tuweke hapa tunachokifahamu kutoka kwenye kesi zilizo wazi: karatasi ipi, tarehe ipi, pesa kiasi gani, na mambo huharibikia wapi. Mjadala wa alistahili au hakustahili tuuache kwa uzi mwingine.

Naanza na msingi. Milango ya kumtoa kocha ni miwili. Wa kwanza ni kumwachisha bila kosa: chuo hakihitaji kueleza mengi, kinalipa fidia iliyoandikwa kwenye mkataba, basi. Wa pili ni kumfukuza kwa kosa: fidia hailipwi, ila chuo ndicho kinachobeba mzigo wa kuthibitisha kosa lenyewe. Anayechagua mlango wa pili kwa kuwa tu ule wa kwanza ni ghali hujitafutia kesi ya miaka.

Mkataba Kwanza
Kesi ya kusoma mstari kwa mstari ni ya UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho Watanzania wengi tulikijua kupitia Hasheem Thabeet. Kevin Ollie alikipa ubingwa wa taifa 2014. Msimu wa 2017-18 ukaisha kwa ushindi 14 na vipigo 18, na tarehe 10 Machi 2018 chuo kikatangaza kuwa kinamwondoa kwa kosa, kikitaja ukiukaji wa kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Mkataba wake ulikuwa umebakiza zaidi ya dola milioni 10.

Angalieni palipoharibika. Makocha wa UConn walikuwa ndani ya chama cha wafanyakazi pamoja na wahadhiri. Kwa hiyo juu ya mkataba binafsi wa Ollie kulikuwa na mkataba wa hali bora kazini, na huo ulidai kipimo kigumu zaidi cha kosa kabla mtu hajafukuzwa. Tena uamuzi wa NCAA wenyewe ulitoka Julai 2019, zaidi ya mwaka mzima baada ya barua ya kufukuzwa. Januari 2022 msuluhishi huru aliamua chuo hakikuwa na sababu ya kutosha, kimlipe zaidi ya dola milioni 11.1. Septemba mwaka huohuo wakaafikiana na kuongeza milioni 3.9. Jumla ikapita milioni 15, kwa mtu ambaye chuo kilikusudia asilipwe hata senti.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kumwita kocha: kusanya nyaraka ZOTE zinazomlinda, si ule mkataba wenye jina lake peke yake.

Dawati la Refa
Naongezea kuhusu vyuo vya umma. Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Loudermill ya 1985, ilisema mtumishi wa umma mwenye haki juu ya ajira yake lazima aambiwe tuhuma zake na apewe nafasi ya kujibu KABLA ya kuachishwa. Ndiyo maana kwenye tuhuma nzito mtaona kocha anasimamishwa kwanza, barua inafuata, halafu anasikilizwa, ndipo neno la mwisho linatoka. Wanaodhani chuo kinachelewesha kwa kuogopa hawajaiona hatua hiyo.

Kona ya Tatu
Swali: na kama mkataba wenyewe haujasainiwa?

Mkataba Kwanza
Mkuu, hilo limeshatokea, tena Kentucky, chuo chenye jina kubwa kabisa kwenye kikapu. Billy Gillispie aliajiriwa 2007 kwa hati fupi ya makubaliano, na mkataba kamili haukusainiwa misimu yote miwili aliyofundisha. Alipoondolewa Machi 2009, chuo kikasema ile hati si mkataba. Yeye akasema ni mkataba, akadai dola milioni 6: milioni 1.5 kwa mwaka, kwa miaka minne. Wakamalizana Oktoba 2009 kwa karibu milioni 3. Nusu kwa nusu, kwa sababu hakuna upande uliokuwa na uhakika jaji angesemaje. Hati fupi ni ya kumtangaza kocha mbele ya waandishi wa habari. Ikipita miezi miwili mitatu mkataba kamili haujasainiwa, tatizo limeshaanza kukua.

Chenga ya Kushoto
Mimi niseme tarehe, maana hapo ndipo pesa nyingi huokolewa au hupotea. Fidia nyingi hushuka kwa ngazi, na ngazi hubadilika siku moja maalumu. Indiana ni mfano mzuri. Fidia ya Tom Crean ilikuwa dola milioni 7.5, na 1 Julai 2016 ikashuka hadi milioni 4. Akaondolewa Machi 2017. Aliyemfuata, Archie Miller, aliondolewa Machi 2021 kwa fidia iliyozidi milioni 10, na fedha hizo zikatoka kwa wafadhili binafsi. Suala hilo la wafadhili lisipuuzwe. Ahadi ya simu haitoshi. Mkurugenzi makini huzipata ahadi hizo kwa maandishi kabla ya kumwita kocha, kwa sababu barua ikishatoka deni ni la chuo, mfadhili awepo asiwepo.

Kuna pia kifungu cha kupunguza fidia. Kocha anatakiwa atafute kazi nyingine, na mshahara mpya unakatwa kwenye anachodai. Kosa la kawaida ni kuandika "atafute kazi" bila kusema kazi ya aina gani. Akichukua kazi ndogo kwa rafiki yake kwa mshahara mdogo, chuo cha zamani kinaendelea kulipa karibu fidia yote. Andikeni kwamba mshahara mpya uwe wa kiwango cha soko.

Ubao wa Kocha
Hapo kwenye pesa mambo yamebadilika tangu 1 Julai 2025. Baada ya mahakama kuidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo wa vyuo waliidai NCAA malipo, vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Fidia ya kocha sasa inagombea mfuko mmoja na malipo ya wachezaji. Zamani milioni 8 za kumtoa kocha ziliumiza bajeti tu. Leo zinaweza kuwa gharama ya kikosi kizima cha msimu ujao.

Kona ya Tatu
Na wachezaji? Wengi hukimbia?

Dawati la Refa
Hukimbia, na kanuni iliwaruhusu. Mwaka 2024, kocha mkuu akiondoka wachezaji wake walipata siku 30 za kujiandikisha kuhama. Saa ilianza kuhesabu palepale, hata kama kocha mpya hajapatikana. Tazameni Louisville mwaka huo. Walitolewa na NC State kwenye mashindano ya kanda tarehe 12 Machi, na kesho yake Kenny Payne akaondolewa, rekodi yake ikiwa ushindi 12 na vipigo 52, fidia dola milioni 8. Pat Kelsey aliajiriwa 28 Machi, yaani nusu ya zile siku 30 ilishakwenda. Akajenga kikosi upya kabisa, na msimu uliofuata akashinda mechi 27 na kupoteza 8. Michigan walikwenda kasi zaidi: Juwan Howard aliondolewa 15 Machi, Dusty May akatangazwa tarehe 23.

Kwa hiyo orodha ya wanaotakiwa iandaliwe mapema, na wachezaji waambiwe na mkurugenzi ana kwa ana kabla habari haijafika kwenye simu zao. Kuhusu kutimua katikati ya msimu, UCLA walimtoa Steve Alford 31 Desemba 2018 na mrithi wa kudumu, Mick Cronin, akapatikana Aprili. Miezi yote ile ilikuwa ya kocha wa muda, Murry Bartow. Mimi naona hiyo ina maana pale tu kikosi kimevunjika kabisa moyo, kwa sababu makocha wazuri hawaachi timu zao Januari.

Chenga ya Kushoto
Mwisho, tusisahau kwamba si kila kesi huishia kwenye pesa. Rick Pitino alisimamishwa na Louisville Septemba 2017, akafukuzwa kwa kosa 16 Oktoba, akadai dola milioni 38.7. Walipomalizana 2019 hakupewa hata dola moja. Alichopata ni faili lake kurekebishwa lisomeke kwamba alijiuzulu. Machi 2020 chuo cha Iona kikamwajiri, na 2023 akaenda chuo cha St. John's.