Apache Directory Studio inagoma kuingia kwenye OpenLDAP: kosa 34, kosa 49, na poti 636 haifunguki

fundi_kizota
Wakuu, habari zenu. Seva ya OpenLDAP (saraka ya akaunti za mtandao) iko mjini Dodoma juu ya Ubuntu, mimi niko tawi la Mtumba, nataka kusimamia akaunti za watumishi kwa Apache Directory Studio, programu ya kuhariri saraka hiyo. Kupima mtandao kwenye poti 389 kunapita. Nikijaza "admin" na paswedi napata kosa 34. Nikijaza cn=admin, kosa 49. Poti 636, ile ya LDAP iliyosimbwa (ldaps), ndiyo imekataa kabisa. Nakosea wapi?

mzee_wa_seva
34 maana yake ulichoandika si DN (jina kamili la akaunti kwenye saraka). LDAP inataka anwani nzima ya hilo jina, mpaka kwenye mzizi wa saraka. 49 ndiyo inayopoteza watu: OpenLDAP huitoa paswedi ikiwa mbovu na pia DN ikiwa haipo, makusudi, ili mtu wa nje asibahatishe majina yaliyomo. Usikimbilie kubadili paswedi. Iulize seva mzizi wake:

`ldapsearch -x -H ldap://10.10.1.5 -s base -b "" namingContexts`

Ikijibu dc=ofisi,dc=co,dc=tz, jaza cn=admin,dc=ofisi,dc=co,dc=tz. Ikigoma tena, angalia DN halisi ya admin kwenye seva yenyewe:

`sudo ldapsearch -Q -LLL -Y EXTERNAL -H ldapi:/// -b cn=config olcRootDN`

nkuhungu_net
Kuhusu 636: kwenye Ubuntu, slapd (programu yenyewe ya seva ya OpenLDAP) haisikilizi huko mpaka uongeze ldaps:/// kwenye SLAPD_SERVICES ndani ya /etc/default/slapd, kisha uiwashe upya. Mimi ningebaki 389 na kuchagua StartTLS, inayosimba mawasiliano kwenye poti hiyo hiyo. Njia zote mbili zinataka cheti, na hapo matatizo ni yale yale: ufunguo hausomeki na mtumiaji openldap, au umewekwa kwenye folda ambayo AppArmor (ulinzi wa Ubuntu) haimruhusu slapd kuigusa. Halafu usiunganishe kwa IP. Jaza jina lililo kwenye cheti. Kama DNS ya Mtumba hailijui, liandike kwenye faili la hosts la mashine yako.

fundi_kizota
Nimeingia, kumbe nilikuwa nimeacha dc zote tatu. Swali la mwisho: dada wa utumishi akiingia kwa akaunti yake anaona majina 500 tu, kisha kosa 4.

mzee_wa_seva
Hicho ni kikomo cha OpenLDAP, na admin hakimhusu ndiyo maana wewe huoni. Kuweka tiki ya kurasa kwenye Studio husaidia kwa Active Directory. Hapa jumla bado inahesabiwa. Mwongezee yeye peke yake kwa olcLimits (mpangilio wa vikomo vya seva), usifungulie kila mtu.

Na muunganisho wake uwekee tiki ya Read-Only. Wewe nawe, kabla ya kugusa ou (tawi la saraka) yoyote, chukua nakala: `sudo slapcat -n 1 -l nakala.ldif`. Studio haina kitufe cha kurudisha tawi lililofutwa.