MJADALA: Picha ya mtoto mgonjwa ya kuombea michango, tuendelee nayo au tuiache?

Wakuu, salaam. Mimi ni mmoja wa tunaojitolea kuchangisha fedha za watoto wenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) hapa Dar. Hatulipwi, nauli na vocha ni mfukoni mwetu. Juzi kikaoni tumegawanyika, nikaona nilete hapa.

Tulikwenda kumpiga picha ya tangazo mtoto wa miaka tisa. Mpiga picha wetu akamwambia, "Fungua macho vizuri mwanangu, unjano uonekane." Akafungua. Mama yake akainamisha uso, akawa anakunja khanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Watoto hawa hutaniwa shuleni kwa macho hayohayo.

Mimi nasema tuache. Mama aliyekosa nauli ya kwenda kliniki anaanzaje kukukatalia? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, sisi tunazirusha kwenye magrupu kama kadi za harusi. Na selimundu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Ukimwanika mtoto umeianika familia nzima, pamoja na dada yake anayechumbiwa.

Halafu kuna suala la muda, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Picha ya kutia huruma inaweza kufaa kwa operesheni, watu wachange mara moja yaishe. Selimundu haiishi hivyo. Dawa yake, haidroksiyurea, humezwa kila siku, mwaka hadi mwaka, na bado kuna siku za kuongezewa damu. Fedha zikikata tutatafuta picha mbaya kuliko ya kwanza? Mimi nataka watu 100 wa kutoa shilingi 2,000 kila mwezi, wasiomjua mtoto kwa sura, na kila mwisho wa mwezi waone risiti za dawa.

MHAZINI WETU: Dada, nakuheshimu, ila daftari ninalo mimi. Tangazo la maneno matupu watu wanaandika "tuko pamoja" wanapita. Tukiweka picha, meseji za miamala zinaingia hadi usiku. Matapeli nao wamejaa, mtu anataka amwone anayemsaidia. Mtoto akiishiwa dawa huku tumemtunzia heshima, tumemsaidia nini?

MCHANGIAJI MWINGINE: Nina miaka 19, nina selimundu. Nilipigwa picha kama hiyo nikiwa na miaka 10. Mwaka huu nimeingia chuo, mtu akaituma kwenye grupu la darasa: "Huyu si wewe?" Dawa zilizonunuliwa zilinifaa na nawashukuru waliotoa. Ila hakuna aliyeniuliza. Ningeulizwa, ningewapa mkono wangu umeshika kidonge.

MLETA MADA: Mdogo wangu, ahsante. Hilo la mkono nalipeleka kikaoni. Mhazini, kuhusu matapeli una haki. Barua ya kliniki iliyofunikwa jina, na fedha zisitoke bila saini za watu wawili, huenda vikatosha. Tujaribu kwa miezi mitatu. Nitaleta hesabu hapahapa, zikishuka nitasema zimeshuka. Waliochangisha kwa wagonjwa wa figo au kisukari bila kuonyesha sura, tuambieni wachangiaji wenu walidumu miezi mingapi. Tangazo linatakiwa Ijumaa, na picha ya yule mtoto iko kwenye simu yangu. Sijaituma.