Dereva mmoja, Nairobi ana adabu, Arusha anampulizia mwanangu moshi

Wakuu, leo sipunguzi makali.

Jumapili tulitoka na familia kula choma Njiro. Mwanangu ana miaka sita na ana pumu, dawa yake ya kuvuta haibanduki kwenye pochi ya mama yake. Ndizi hazijaisha, jamaa wa meza ya pili kawasha fegi. Nikamwomba kistaarabu: "Samahani kaka, mtoto ana kifua." Hakugeuka hata shingo. "Hapa ni nje, upepo upo." Upepo upi? Ulikuwa unauleta moshi wote kwenye sahani yetu! Nikamwita mhudumu, mhudumu akamwita meneja, meneja akaja na uamuzi wake: sisi ndio tuhame. Tukapelekwa meza ya jirani na choo.

Sasa sikilizeni. Yule jamaa namfahamu kwa sura, ni dereva wa kosta za Nairobi, nimeshapanda gari lake mara mbili. Akishavuka Namanga anakuwa mtu mwingine. Nairobi nimemwona kwa macho yangu akiulizia eneo la wavutaji liko wapi, akaenda kusimama humo ametulia kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Anajua sheria yao ya 2007: ukivuta hadharani pasiporuhusiwa, faini mpaka shilingi 50,000 za Kenya, au jela mpaka miezi sita, au vyote. Hiyo faini kwa hela ya madafu inakaribia milioni.

Na sisi? Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003. Tuliwatangulia miaka minne! Inaruhusu kutenga sehemu ya wavutaji, ila huku sehemu yenyewe ni popote mvutaji alipokalia kiti.

Msije na "basi hamia Kenya". Kule nako sigara moja moja zinauzwa vibandani mchana kweupe, na sheria yao inataka pakiti isipungue kumi. Lakini angalau pakiti zao tangu 2016 zina picha za kutisha, zetu ni maneno tu ambayo hakuna anayeyasoma. Kwa Mangi hapa mtaani kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba dirishani, huduma kwa mteja hiyo. Juzi nimeshuhudia mtoto wa darasa la tano akitumwa "sigara mbili na chumvi", akapewa bila swali, wakati kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni marufuku. (Chumvi ilikuwa imeisha.)

Kuna mtu humu amewahi kuona yeyote akitozwa faini ya sigara Arusha? Hata mmoja tu. Na ukikutana na hali kama yangu unampigia nani: polisi, bwana afya wa kata, mwenyekiti wa mtaa? Nipeni jibu la maana, maana usiku ule mtoto kalala saa nane, amekaa kitako kitandani anatafuta pumzi, na bili ya choma nililipa yote.