Mbwa wa karibu na bweni: sisi wanafunzi tuanzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Tuko wanafunzi sita, tumejitolea kuokoa mbwa wanaozurura karibu na bweni. Kuna jike mwekundu, sikio la kushoto limechanika, ana watoto wanne chini ya ngazi. Nikimkaribia na bakuli anarudi nyuma hadi ukutani, anajilambalamba midomo lakini chakula hagusi. Tunataka kuwatafutia watu wa kuwafuga. Tumkamateje?

Jibu: Usimkamate kwanza. Kujilamba huko ni woga, si njaa. Weka bakuli, kaa umempa ubavu, usimkodolee macho. Rudia saa ileile kila siku. Wangu alinisumbua siku 11. Ya 12 akalalia kiatu changu.

Jibu: Nyie wenyewe mmechanjwa? Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea, ni kifo. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usikae kungoja uone mbwa atakuwaje.

Jibu: Watoto waacheni kwa mama yao hadi wafikishe angalau wiki 8. Na anayemtaka mbwa, mtembeleeni kwake kwanza! Sisi tulimpa jamaa mmoja mcheshi kweli, baadaye tukamkuta mbwa kwenye mnyororo wa mita moja, juani. Tukamchukua. Mama naye afungwe kizazi, la sivyo mtarudi hapahapa.

Muuliza swali: Ahsanteni. Kati yetu sita hakuna aliyechanjwa, aibu tupu. Kesho tunaanzia hapo. Bakuli nimeliacha ngazi ya tatu, na sasa hivi nasikia linaburuzwa.